Nafasi Aliyokuachia Paluku

Masika mwanangu, mama yangu,

Usitafute humu ushauri wa sweta, wa maji ya kuchemsha, wala wa wanaume wanaosifu nywele. Hayo shangazi zako wamekwambia mpaka masikio yako yamechoka, na yaliyobaki watakupigia simu kesho ukiwa umeshavuka mpaka pale Petite Barrière. Nakuandikia kwa sababu leo mchana ulisema neno, nami nikakujibu kwa uso. Mdomo wangu, unaojulikana mtaa mzima wa Mabanga, ulikosa kazi siku uliyouhitaji.

Bado nimeshtuka. Mdogo wako Kambale ameniuliza kama nina malaria. Nimemwambia aende akamchokoze paka.

Acha nianze pale pale, ili tusije tukakumbuka vitu viwili tofauti. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, mimi nyuma yako nakusuka kwa ajili ya safari, na wewe umeshika kile kioo cha Papa cha kunyolea ndevu. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha. Nilikuwa natania kwamba Wahindi wa huko uendako wakiiona misuko hii watakuposa kabla hujafungua daftari la uuguzi, na ukawa hucheki. Halafu ukasema, bila kugeuka:

"Mama, ile fasi ya chini ilikuwa yangu."

"Fasi gani?"

"Kule mu shimo. Uliniweka mimi chini, Paluku yulu. Nikalia, nilikuwa naogopa giza. Akaniambia, kuya huku, mimi nashuka. Ile fasi alifia, ilikuwa yangu, Mama."

Mikono yangu ikasimama na mafungu matatu ya nywele vidoleni. Nikatazama kioo, nawe ulikuwa unanitazama humo humo. Najua ulichokiona, wala sitajifanya hukukiona. Wazo moja lilipita ndani yangu, fupi kuliko kupepesa jicho: kumbe. Kumbe ni wewe. Kisha nikasema makala ya kupikia yanaisha kwenye jiko la mbabula, nikatoka nje, nikajificha nyuma ya pipa la maji kama mwizi wa kuku. Makala yalikuwa yamejaa tele.

Kesho unaondoka. Nisipofanya kitu, uso ule ndio utakaopanda nao ndege, na huko utakakofika utaufungua kila usiku kuutazama. Mwanangu, nimekimbia vita na nimekimbia mlima ukitema moto, lakini sijawahi kuogopa nilivyoogopa leo nyuma ya pipa.

Ile siku unaijua kwa macho ya mtoto aliyekuwa anaanza shule. Sikia sasa ilivyokuwa kwa macho yangu. Vita vilipoingia mjini Goma, Papa yako alikuwa Butembo na mzigo wa maharage, barabara imefungwa nyuma yake. Mimi nikabeba godoro, sufuria na ninyi wawili, tukafuata watu waliokuwa wanaelekea Sake. Giza lilitukuta mbele ya Mugunga, katikati ya yale mawe meusi ya volkano. Risasi zikaanza kupita juu yetu, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, hata leo sijui.

Mtu wa Goma anafundishwa mambo mawili angali mdogo. La kwanza, risasi zikilia, lala chini, na ukipata shimo, ingia. La pili, usilale kamwe kwenye mashimo ya mawe, maana humo ndimo mazuku inamokaa: ule upepo mbaya unaotoka ardhini, mzito, usio na rangi wala harufu, unaojaa shimoni polepole na kumaliza kuku, mbuzi na watu. Yote mawili nilikuwa nayajua. Lakini risasi zilikuwa zinapiga kelele, na mazuku ilikuwa imenyamaza. Nikamsikiliza mwenye kelele.

"Shukeni mule, mulale!" niliwaambia. Palikuwa na ufa kati ya mawe, unaowatosha watoto wawili tu. Nilikuweka wewe chini kabisa kwa sababu ulikuwa mdogo, risasi isikuone. Paluku nikamweka kwenye jiwe la juu yako. Mimi nikabaki ukingoni, nimejifunika godoro kichwani, nasali rozari kwa kuruka mafungu.

Risasi zilipokoma nikawaita. Ulitoka wewe unayumba, unatapika, unalia kichwa. Nilipotaka kushuka kumchukua kaka yako, muzee mmoja Muhunde, mwenyeji wa pale, akanishika kitenge kwa nguvu. "Mama, usishuke! Ni mazuku ile, utabakia!" Wakamvuta kwa kamba ya mizigo. Alikuwa chini kabisa, amekunja mikono chini ya shavu.

Nikadhani aliteleza usingizini. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Papa yako, na hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote hii, kwamba nilimwambia ashuke, akashuka, akateleza. Sentensi hiyo nimekula nayo, nimesuka nayo, nimeipeleka kwa padri. Padri akaniambia Mungu amekwisha kusamehe. Nikamjibu kwamba sina ugomvi na Mungu, nina ugomvi na mama mmoja wa Mabanga, na huyo hasamehi.

Kisha akazaliwa Kambale. Unajua sisi Wanande hatuchagui majina ya hivi hivi, tumbo ndilo linalochagua. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, na wa kwanza akifa, wa pili hapandi ngazi. Kwa hiyo kila Munande anayesikia jina la mdogo wako anauliza swali lile lile bila ubaya wowote: "Kambale? Na mukubwa wake iko wapi?" Wananiuliza sokoni, wananiuliza mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa nadhani swali hilo linanichoma mimi peke yangu. Nawe ulikuwa umesimama pembeni umeshika kikapu, kila mara, na sikuwahi kukutazama usoni.

Hapo ndipo nataka kukuambia ya Papa Hari. Wewe unamjua kama patron wangu, yule Muhindi mwenye duka la misumari, rangi na kamba, ambaye ndugu zake wamekutafutia shule. Unajua anapenda sombe ya majani ya muhogo isiyo na samaki na anaogopa paka. Hujui aliyoniambia mwaka ule niliporudi kazini baada ya maziko, maana sikuwahi kumwambia mtu. Mkristo anayesikiliza mambo ya Wahindi nyuma ya mifuko ya simenti! Mama Chorale, kiongozi wetu, angenitoa kwaya.

Nilikuwa sisemi na mteja wala na mtu. Mchana, duka likipoa, alikuwa ananipa chai yenye tangawizi na sukari ya kutosha kuua mtu, anaongea yeye. Siku moja akasema wazee wa kwao walijiuliza dunia imetengenezwa na nini, wakakuta vitu vitano. Akavionyesha kutoka mlangoni, maana Goma ni mji rahisi kwa kazi hiyo. Udongo, huu hapa mweusi tunaoukanyaga. Maji, lile ziwa. Moto, kule mlimani, usiku anga linakuwa jekundu. Upepo. Cha tano kilinichekesha: akachukua kopo la rangi lililokwisha, akaniambia nichungulie.

"Unaona nini?"

"Hakuna kitu."

"Hiyo ndiyo. Nafasi. Ilitangulia yote. Bila nafasi, vingine vingesimama wapi?"

Akaendelea kwamba kila kimoja kina namna ya kujulikana. Nafasi inabeba sauti, upepo unagusa ngozi, moto unaonyesha sura, maji yana ladha, udongo una harufu. Mimi nilikuwa sijamtazama mtu machoni kwa muda mrefu, lakini hapo nikaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Papa Hari, Goma iko upepo moja haina sauti, haigusi, hainuki. Iliniulia mutoto."

Alikuwa anajua habari za Paluku, Mabanga nzima ilijua, ila nadhani alikuwa hajawahi kuiona ikiingia katika hesabu zake za vitu vitano. Alinisogezea bakuli la sukari, akaenda kusimama mlangoni akinipa mgongo. Siku ile tulifunga duka mapema.

Alirudia kesho yake, na safari hii alinishtua vibaya zaidi. Alisema hivi vitano ni vitoto. Mama yao anaitwa prakriti, ile asili ya vitu vyote. Na kabla hajazaa mawe na maji, alizaa akili. Nikamwambia unasema nini? Mimi nilifundishwa katekisimu: roho na mawazo upande huu, mawe upande ule. Yeye akatikisa kichwa. Wazo nalo ni kitu, akasema, jepesi tu kuliko jiwe. Hofu ni kitu. Huzuni ni kitu. Vimesokotwa kwa nyuzi zile zile tatu, uzi mwepesi unaong'aa, uzi unaosukuma mambo yaende, na uzi mzito unaolaza.

"Kwa hiyo jiwe na wazo ni ndugu?" nikamuuliza.

"Tumbo moja."

Masika, nilitoka pale kichwa kinazunguka. Nilitembea mpaka nyumbani natazama kuta za mawe kama vile zilikuwa zinanisikiliza. Ikiwa huzuni yangu ni kitu kama jiwe, basi anayeibeba ni nani?

Hilo ndilo nililomuuliza, naye akanieleza kwa duka lake, kwa sababu alikuwa hana kingine cha kuelezea. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango. Ndani ya milango kuna mpokeaji mizigo, anaitwa manas; chochote kinachoingia anakipokea, kizuri na kibaya, hachagui. Nyuma yake yuko mmoja anayeshika muhuri, ahamkara. Kazi yake ni kugonga kila mzigo: wangu, wangu, mimi, mimi. Halafu yuko buddhi, anayepima na kuamua, mzigo huu unakaa au unarudi. Na nyuma kabisa, Papa Hari akasema, yuko asiyenunua wala kuuza, purusha, anayetazama tu. Yeye hakutengenezwa na chochote. Kwa kuwa yupo, duka limefunguka.

"Basi huyo ni muvivu," nikasema.

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye simenti. Nilikuwa sijamchekesha mtu tangu Mugunga.

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia, Mama Paluku, risasi zililia, sikio likapokea. Hofu ikasukuma, mdomo ukasema shukeni. Upepo ulikuwa shimoni. Hayo yote yalitokea. Lakini ile "mimi nilimuua", huo ni muhuri. Ahamkara ameugonga juu ya mzigo mzito kuliko yote dukani, na sasa hataki kuuachia, kwa sababu ni wake.

Unadhani nilifarijika? Nilikasirika nusura nimpige na nyundo ya kuuza! Nilimwambia ni rahisi kwa mtu ambaye hajazika mtoto kusema mizigo haina mwenyewe. Huu ni wangu, mwachie mama cha kwake. Na sikumsemesha wiki nzima, mtu aliyekuwa ananilipa mshahara.

Wala yeye mwenyewe hakuwa malaika. Kaka yake alipouza nyumba ya baba yao huko kwao, Papa Hari alirusha kopo zima la rangi ukutani. Lile doa la kijani unalouliza kila ukija dukani, ni hilo. Alikaa analitazama, mikono inamchuruzika rangi, kisha akasema kwa aibu, "Ahamkara." Nikamletea chai. Tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza vizuri, maana nilijua anaumwa ugonjwa ule ule.

Sasa rudi leo, kwenye kigoda.

Wewe uliposema ile fasi, ile nafasi ya chini, ilikuwa yako, jambo la kwanza lililonishtua ni hilo unalofikiri. Lile kumbe. Miaka yote nimeshika mzigo, mikono imechoka, na ghafla akatokea mwingine wa kuubeba. Yule mwenye muhuri ndani yangu aliruka kama mtoto aliyeona pipi: kumbe siyo wetu, mgongee huyu! Nimemwona waziwazi, Masika. Kwa mara ya kwanza tangu Papa Hari aniambie habari zake nimemwona akifanya kazi, na nimemwona juu yako, juu ya mtoto wangu aliyetoka shimoni anatapika. Nimeona haya. Nimeogopa kwamba kitu kama hicho kinaishi ndani yangu na kinajua njia.

Jambo la pili lilinijia nyuma ya pipa. Wewe pia. Wewe, na meno yako ya utoto, ulikuwa umeugonga muhuri huo huo. Tumelala chumba kimoja, tumekula sahani moja, tumesimama pamoja kaburini kila Novemba na maua yetu, kila mmoja wetu akiwa na kifo kile kile mfukoni, kila mmoja anamficha mwenzake. Ulikuwa hulali bila taa. Mimi nikisema unamaliza mafuta ya taa. Mungu wangu. Nilikuwa nakugombeza kwa mafuta ya taa.

Nisikilize basi. Aliyekuweka chini ni mimi. Mtoto mdogo akilia gizani, analia, hakuna mwingine wa kumlilia isipokuwa kaka yake. Wewe hukujua mazuku, hukujua juu wala chini. Na kama ungenyamaza, Paluku angetoka anayumba na wewe ndiye tungekuvuta kwa kamba. Nimejaribu jioni hii kuitamani hesabu hiyo iende upande ule, kwa ajili yake, nikashindwa. Nimejaribu kuitamani hii iliyokuwa, nikashindwa vilevile. Siwezi kuwauza ninyi wawili kwa mizani.

Lakini kuna jambo la tatu, na hili ndilo limenitoa nyuma ya pipa.

Wewe humkumbuki vizuri kaka yako. Miaka imemlainisha, na mimi pia nimemgeuza mtakatifu wa kwenye picha. Paluku alikuwa mchoyo! Alikuwa anaficha andazi chini ya mto mpaka siafu wanaingia kitandani. Alikung'ata mkono kwa sababu ya mpira wa majani ya migomba. Kovu liko kwenye kiwiko chako cha kulia, liangalie. Papa yako alikuwa anasema kijana huyu atakuwa tajiri au mwizi, katikati hapana. Na huyo, mtoto asiyegawa hata nusu ya andazi, katikati ya risasi, dada yake analia giza, akasema kuya huku, mimi nashuka.

Hakuteleza. Unanielewa, Masika? Miaka yote nimemwona akiteleza, peke yake, usingizini, hajui. Leo umeniambia kwamba alikuwa macho, kwamba alikusikia, akachagua. Waliokufa hawaleti habari mpya, tunazungusha zile zile za zamani mpaka zinachakaa. Leo mchana, baada ya miaka yote hii, nimepata habari za mwanangu, na wewe ndiye uliyeniletea. Nami nikakulipa kwa uso ule.

Sijui kama purusha yupo. Mimi nitabaki na rozari yangu, na huko uendako ukisikia maneno haya kwa midomo ya watu wanaoyajua vizuri, utanisahihisha. Papa Hari mwenyewe husema nimechanganya vitu na simenti. Lakini kuhusu lile kopo tupu alisema kweli. Kabla ya udongo, kabla ya maji, kabla ya moto na upepo, sharti iwepo nafasi, au hakuna kitakachosimama. Wewe hukumnyang'anya Paluku nafasi yake. Alikupa. Umesimama ndani yake tangu siku ile, umekuwa mrefu humo, umepata diploma humo, na kesho utapanda ndege ukiwa humo. Usikae ukingoni kama mgeni. Kaa vizuri, nyoosha miguu.

Siku moja mtu atakuuliza huko mbali nyumbani mko wangapi. Usipunguze. Sema una kaka Paluku na mdogo wako Kambale.

Nasikia Papa yako amerudi, anauliza kwa nini hakuna chakula na kwa nini binti yake amejifungia chumbani na kichwa cha watu wawili, upande umesukwa, upande umefumuka. Nimemwambia angoje. Tutamwambia pamoja, mimi na wewe, kwamba mwanawe hakuteleza. Ni haki yake kushtuka pia.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kabla giza halijaingia. Siyo ya kusomea kwenye ndege. Uisome sasa, uifungie kwenye valizi yako ya safari, halafu utoke. Nimekaa hapa uani, kigoda kipo, kitana kipo, mafuta ya nywele yapo, na nusu ya kichwa chako bado inanisubiri.

Njoo na kioo.

Mama yako